Kugonga Meza Mara Mbili

Nina miaka thelathini na tatu na nimestaafu. Ofisini walicheka nilipolitamka neno hilo siku ya keki, wakanisahihisha kwamba nimejiuzulu. Sikubishana, jambo ambalo kwangu ni nadra. Lakini mtu aliyejiuzulu huamka akiwa na pengine pa kwenda. Mimi huamka nikapapasa funguo za gari la ofisi, ambazo nilikwisha kuzirudisha, halafu hukaa kitandani nikisikiliza treni zikiwapeleka watu wengine kazini.

Ninyi mlioingia mwaka huu, ambao kamba za vitambulisho shingoni bado hazijachafuka, mliniomba niwaandikie mambo muhimu ya kujua kuhusu kazi ya watoto wa fosta, wale ambao serikali huwapeleka kulelewa na familia nyingine. Nilipokuwa chuo kikuu nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono kuuliza ni nani aliyeamua kwamba mambo hayo ndiyo muhimu, na darasa zima likishusha pumzi. Sijabadilika. Kwa hiyo nitawaandikia habari za gari, za masanduku, za mwanamke aliyenifundisha kazi, na za msichana mmoja wa Doonside. Vyeo na mishahara naviruka, maana mnavijadili vya kutosha pale jikoni.

Siku ya kwanza, mwaka 2012, nilivaa koti. Ofisi yetu ya Seven Hills, hapa Sydney, ilikuwa kati ya ghala la matairi na duka la mabafu, nami nilipita hapo na shahada yangu ya ustawi wa jamii nikijua kwamba nitakutana na watoto wenye majonzi na kwamba nitawaelewa. Nilikutana na kiti cha mtoto cha gari. Denise, mwanamke aliyekuwa ameifanya kazi hii tangu sijazaliwa, mwenye sauti kama ya mtu anayetembea juu ya changarawe, alinikabidhi kiti hicho na mikanda yake, akaniambia nikifunge kwenye gari jeupe. Nilihangaika nacho mpaka koti likalowa jasho. Akaja, akakitikisa kwa mkono mmoja. Kikacheza kama jino bovu.

"Umesoma nini chuoni?" akaniuliza.

Nikamweleza, kwa kirefu.

"Vizuri. Sasa kifungue uanze upya."

Nilihisi ananidharau kwa sababu mimi ni Mwafrika, na kwa kuwa sijui kukaa na swali tumboni, nikamwuliza hivyo hivyo. Akafikiri kidogo.

"Hapana," akasema. "Nakudharau kwa sababu kiti kinacheza."

Tangu hapo tukaelewana. Kiti cha pili hakikucheza.

Denise alinifundisha kwamba chombo kikuu cha kazi hii ni gari. Mtoto ukimketisha mezani na kumtazama machoni, hasemi kitu. Mtie kwenye kiti cha nyuma, wewe ukitazama barabara, na kabla hamjafika Blacktown atakuwa amekwambia yote, hata yale ambayo hukutaka kuyajua. Nililipinga hilo kwa sababu sikulisoma mahali popote. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa nikizunguka mitaa kwa makusudi ili sentensi ya mtoto iishe kabla ya safari.

Chombo cha pili kilikuwa masanduku. Watoto wengi wa fosta walihama nyumba na nguo zao zikiwa kwenye mifuko ya takataka. Denise aliyachukia hayo. Kila Jumamosi alipita kwenye maduka ya mitumba akinunua masanduku yenye magurudumu, akayapanga kwenye buti la gari. Kila sanduku lilikuwa na mfuko wa pembeni wenye zipu, na mfuko huo haukutiwa nguo. Ulikuwa wa vitu ambavyo serikali inampa mtoto mwenyewe, si mlezi wala ofisi: miwani, dawa ya pumu, viatu vya mguu uliopinda, kadi ya chanjo.

"Haki ya mtoto haina miguu," Denise alisema. "Usipoibeba, inabaki kwenye nyumba aliyotoka."

Nikamwuliza kama kuna utafiti unaothibitisha hilo.

"Fungua droo yoyote, katika nyumba yoyote ya fosta, kuanzia hapa mpaka Penrith," akasema. "Huo ndio utafiti."

Mwaka 2014 nikapewa Keza. Sababu ilikuwa moja tu: mimi nilijua Kiswahili, na mlezi wake, Mama Consolata, alikuwa Mrundi aliyeishi kambini Tanzania miaka mingi kabla ya kuletwa huku. Keza alikuwa na miaka minane. Alifika Sydney akiwa mchanga pamoja na mama yake mzazi, ambaye aliugua na kufariki hospitalini mtoto akiwa na miaka minne. Baba yake alikuwa amebaki kambini. Mahakama ikamweka mtoto chini ya ulinzi wa serikali, akalelewa kwanza na mama mmoja wa Kizungu huko Quakers Hill, kisha akaletwa kwa Mama Consolata, aliyekuwa jirani wa wazazi wake kule kambini. Kisheria mzazi wa Keza alikuwa waziri, ambaye, kwa kadiri nijuavyo, hakuwahi kumkorogea uji.

Nyumba yao ya Doonside ilikuwa karibu na reli. Nyuma ya nyumba Mama alipanda mchicha kwenye maboksi meupe ya samaki. Ndani kulikuwa kimya, kwa sababu mume wake, Mzee Gérard, alifanya kazi ya usiku kiwandani Seven Hills na mchana alilala. Kwa mwaka mzima nilimfahamu kama mkoromo tu, ukitoka chumba cha nyuma.

"Karibu, Kenya," Mama alinipokea siku ya kwanza. Jina langu, Nafula, alilikataa moja kwa moja. "Keti. Unakula maharage, ama umekuwa Mzungu wa majani?"

"Nakula, Mama. Shikamoo."

"Marahaba. Loo, na shikamoo unajua! Ninyi Wakenya, Kiswahili mnakitafuna kama muwa, kisha mnatema."

Chakula kilipokuwa tayari hakumwita mtu. Aligonga meza mara mbili kwa kifundo cha kidole. Keza, aliyekuwa amelala kifudifudi akichora, mkono wake ukiwa umegusa mguu wa meza, akainuka akaja.

"Hapa hatupigi kelele," Mama akanieleza. "Mzee amelala."

Nilimsalimia Keza kwa Kiswahili. Akatabasamu. Nikamwuliza habari za shule. Akatabasamu tena, kisha akamtazama Mama.

"Ameisahau lugha," Mama akasema. "Si unaona watoto wa huku? Unamsemesha, anakuangalia kama televisheni."

Nani angeshangaa? Watoto wote wa kanisani kwetu walikuwa hivyo. Unamwuliza mtoto jambo kwa Kiswahili, anakujibu Kiingereza, au hakujibu kabisa, na wazazi wanacheka kwa huzuni. Shuleni walisema Keza ni mpole na yuko nyuma kidogo kwa sababu ya lugha mbili. Maelezo yalikuwa mazuri, na kila mtu aliyakubali. Mimi maelezo yanayokubaliwa na kila mtu huniwasha mwili.

Kilichonishtua kilikuwa gari. Nilimpeleka Keza kwa daktari wa meno, naye njia nzima hakusema neno. Hilo lilikuwa kinyume cha mambo yote niliyofundishwa na Denise. Mezani, uso kwa uso, mtoto huyu aliniambia majina ya walimu wake na rangi ya mbwa wa jirani, kwa Kiingereza chenye konsonanti zilizopotea. Garini, mahali ambapo watoto wengine hufunguka, alikuwa kama amezimwa. Nikajaribu. Bila kugeuza kichwa nikasema, kwa Kiingereza na kwa sauti ya kutosha, "Keza, tukanunue aiskrimu?"

Hakujibu. Nimeendesha watoto wengi kwenye gari lile, wenye hasira, wenye homa, waliotoka mahakamani saa hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuiacha aiskrimu ipite.

Taa nyekundu ikatusimamisha. Nikageuka, nikamtazama, nikarudia maneno yale yale kwa sauti ya chini. Akapiga makofi.

Sikwenda moja kwa moja kwa Mama Consolata. Nilikwenda kwanza Quakers Hill, kwa yule mlezi wa zamani, kumwuliza kama Keza alisikia vizuri alipokuwa kwake. Alikuwa mtu mwema, mwenye paka wawili. Nilipotaja masikio akajishika shavu.

"Mungu wangu," akasema. "Masikio yake."

Akavuta droo ya jikoni. Palikuwa na mishumaa ya keki, uzi, menyu za pizza, na katikati yake kijiboksi. Ndani ya kijiboksi mlikuwa na mashine mbili ndogo za kusikilizia, za rangi ya waridi, zimebandikwa picha za vipepeo. Keza alipimwa akiwa na miaka mitano baada ya masikio yake kutoka usaha muda mrefu. Akapewa mashine hizo na serikali, bure, kama anavyopewa kila mtoto wa nchi hii mwenye shida hiyo, wa fosta au wa tajiri, mpaka atakapokuwa mtu mzima kabisa. Siku ya kuhama alikuwa amezivua ili aoge. Mlezi alidhani ofisi itakuja kuzichukua. Ofisi ilidhani mtoto amezivaa. Mama Consolata alikabidhiwa mtoto na mfuko wa takataka wenye nguo.

Nikapita na kijiboksi kile kwa Denise. Hakusema "nilikwambia." Alizishika mashine zile kiganjani, akazipima kwa jicho, akasema, "Zimekuwa ndogo. Masikio hukua." Halafu akatoka nje kuvuta sigara, ingawa alikuwa ameacha.

Nilimkuta Mama Consolata akichambua mchele kwenye ungo. Nikaweka kijiboksi mezani, nikamweleza. Hakuangalia ndani.

"Mtoto anasikia," akasema.

"Mama."

"Anasikia! Nikimwambia lete chumvi, analeta chumvi."

"Ukiwa umemtazama."

Akaendelea kuchambua. Mikono haikutulia, lakini mchele haukuwa na jiwe hata moja, nilikuwa nauona.

"Kenya," akasema, "umeisha andika hii maneno ofisini?"

"Bado."

"Basi usiandike."

Hapo nikajua kwamba alikuwa akijua. Nilimwuliza tangu lini, akasema tangu wiki ya kwanza. Ile habari ya Mzee kulala aliipata kama kisingizio, nayo ikawa nzuri mno kuiacha. Alimfundisha mtoto kuweka mkono mezani au mguu sakafuni. Mzee Gérard naye alifundishwa asimwite kwa nyuma. Mama alijua sikio lipi lina afadhali, na kanisani alimketisha upande wa ngoma. Nyumba nzima ilikuwa imejengwa kuzunguka masikio ya mtoto mmoja, na kazi yote hiyo ilifanywa ili mtu kama mimi asiione.

"Kwa nini, Mama? Angepewa nyingine siku ile ile. Ni haki yake."

"Sha, wewe ofisi umeijulia huku. Mimi niliijulia kambini." Akasukuma ungo pembeni. "Baba ya huyu mtoto, Léonidas, unajua kwa nini alibaki? Siku ya kupimwa kwa safari, daktari akamwuliza, unakohoa? Mwanamume yule ni mkweli, akajibu, ndiyo, nakohoa. Basi. Wakamwambia mke atangulie na mtoto, yeye atafuata akipona. Kikohozi kikapona. Karatasi haikupona. Mke akafa huku, mume yuko kule anangoja. Mimi siku ile nilikuwa na vidonda vya tumbo, nilicheka mbele ya daktari kama bibi harusi. Ndiyo maana unaniona hapa."

"Huku si kambini."

"Unaniambia ukiandika mtoto huyu ana ugonjwa wa masikio, hawatasema, ah, huyu anahitaji watu waliosomea masikio? Hawatamtoa hapa? Niambie hapana. Niapie."

Nilitaka kuapa. Nilikuwa nimewahi kuona mtoto akihamishwa kwa sababu hiyo hiyo, kwa maneno mazuri sana. Nikanyamaza, naye akauelewa ukimya wangu vizuri kuliko Kiswahili changu.

"Unaona," akasema.

Mliomba mambo ya kujua, na hili nalijua: kila mwezi Keza aliokaa bila kusikia, maneno mengine yalimpita, ya darasani na ya uwanjani, na mengine hayarudi. Nilijua pia kwamba alikuwa amepoteza mama, baba na nyumba mbili, na kwamba pale Doonside alilala bila taa. Nilizunguka mitaa na gari la ofisi likiwa halina mtoto ndani, nikibishana na nafsi yangu kwa sauti. Mwishowe nikamwuliza Denise nichague lipi.

"Nani kasema uchague?" akasema. "Masikio ni yake, serikali imekwisha kumpa, hakuna wa kuomba ruhusa. Anakaa kwa nani ni swali lingine. Wakikuletea hayo mawili kwenye kamba moja, wewe ikate."

Nikarudi kwa Mama, nikamwambia ukweli: kwamba nitaandika, kwamba sina kiapo, na kwamba nitakuwa upande wake mezani. Siku hiyo hakunipa chakula. Waliowahi kwenda nyumba ya Mrundi wanajua hiyo ni hukumu ya kiasi gani.

Lakini siku ya mkutano wa ofisi wa kuamua Keza akae wapi, alikuja, amevaa mavazi ya kanisani, akifuatana na Mzee Gérard, ambaye nilimwona akiwa macho kwa mara ya kwanza. Alikuwa mrefu kuliko mkoromo wake. Keza aliketishwa mwisho wa meza na penseli za rangi. Meneja wetu wa wakati ule, kijana mpole aliyependa kusema "mahitaji makubwa," akaanza kueleza kwamba wako walezi waliopata mafunzo maalumu, kwamba hakuna anayemlaumu mtu, kwamba ni vyema kutazama uwezekano wote. Nilitafsiri. Denise alikuwa anatazama dari.

"Anauliza kama utaweza, Mama," nikasema.

"Mwambie amwite mtoto."

Nikamwambia. Meneja akatabasamu. "Keza," akaita. Keza alikuwa ameinamia karatasi. "Keza?" Akaita tena kwa nguvu zaidi, kisha mara ya tatu akipunga mkono, shingo ikianza kuwa nyekundu. Penseli ya kijani iliendelea kwenda.

Mama Consolata akagonga meza mara mbili.

Keza akainua kichwa, akamtazama Mama, akafuata macho ya Mama mpaka yalipoishia, usoni kwa meneja, akangoja.

"Sasa anakusikiliza," Mama akasema. "Ongea."

Meneja akasogeza kiti chake karibu na mtoto. Akamwuliza anachora nini. Treni, Keza akajibu, na kumwonyesha.

Ningependa kuwaambia kwamba ilimalizika hapo. Hakuna kinachomalizika mkutanoni; mtaligundua hilo wenyewe. Suala la nyumba liliwekwa "chini ya uangalizi" kwa majira yote ya baridi, na kila gari jeupe lilipopunguza mwendo mtaani kwao, Mama aliacha alichokuwa anafanya. Masikio nayo yalitafutiwa mwenyewe. Kitengo kimoja kilisema ni kazi ya kingine, kingine kikasema ya shule, na fomu ya mpimaji wa masikio ilihitaji sahihi ya mlinzi wa kisheria, yaani yule mheshimiwa asiyejua uji. Nilipiga simu mpaka wakanitambua kwa pumzi. Kila nilipoambiwa "tunashughulikia ombi lako," nilijibu kwamba si ombi. Ilikuwa sentensi moja tu, nami niliirudia kama mtoto anayekariri sala. Mkisahau mengine yote, hiyo ichukueni.

Sahihi ikapatikana. Mpimaji alimjaza Keza sikioni ile nta laini ya rangi ya waridi inayochukua umbo la sikio, mtoto akacheka kwa baridi yake. Wiki chache baadaye akavaa mashine mpya, za kijani, alizochagua mwenyewe. Shuleni mwalimu alivaa kipaza sauti kidogo kilichopeleka sauti yake moja kwa moja masikioni mwa Keza, na mwalimu akasahau kukizima alipokwenda chooni. Darasa zima likahadithiwa aliyoyasikia. Keza alipata marafiki wengi siku hiyo kuliko mwaka wote uliotangulia.

Mwezi uliofuata Mama alinipigia simu, amekasirika.

"Kenya! Njoo uchukue mashine yako!"

"Kuna nini, Mama? Zimeharibika?"

"Nilidhani hanijibu Kiswahili kwa sababu hasikii. Sasa anasikia mpaka sisimizi, na bado ananijibu Kizungu!"

Siku ile nilipewa chakula. Barua kwamba mtoto anabaki ilikuja kabla ya majira ya joto, fupi na baridi, kama si habari iliyomzuia mwanamke kulala.

Sijui ni lini kugonga kuliisha. Siku moja nilikuwa sebuleni, Mama akaita kutoka jikoni, "Keza, njoo ule!" na Mzee Gérard akanguruma kutoka chumbani, "Kelele!" Nikacheka. Ndipo nilipogundua kwamba sijausikia mlio ule wa meza kwa muda mrefu. Mama naye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Denise alistaafu mwaka uliofuata, akahamia pwani ya kusini. Hakutaka hotuba. Aliniachia funguo za buti lililojaa masanduku. Wiki nzima nilizungumza na kiti chake.

Kisha karatasi ya Léonidas ikapona. Alifika mwaka 2017, mwembamba, mwenye kuomba radhi kwa kila kitu, hata kwa mlango uliolia alipoufungua. Ndugu yake aliishi Adelaide, akampatia chumba na kazi. Alimwona Keza kidogo kidogo, mwaka mzima, sisi tukiwa pembeni, mpaka mahakama ikasema mtoto arudi kwa baba yake. Kazi yetu yote ndiyo hiyo, jamani. Tunaomba siku kama hiyo ije, na ikija tunatafuta mahali pa kutazama.

Nilileta sanduku zuri kuliko yote, la bluu. Mama alikunja nguo. Kwenye mfuko wa pembeni nikatia betri, vipande vya akiba vya sikioni, na jina la mpimaji wa Adelaide, ambaye nilikwisha kumpigia na aliyekuwa anamngoja. Hakuna kitu kilichobaki kwenye droo. Nilizifungua zote, Mama akinifuata nyuma.

Léonidas alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti. "Samahani, Mama," akasema. "Akizivua, akienda kuoga, mnamwitaje?"

Mama akamwonyesha. Mara mbili, kwa kifundo cha kidole.

Léonidas akajaribu.

"Kwa nguvu, Baba Keza! Huyu ni mtoto, si mlango wa padri."

Akagonga tena. Keza, ambaye alikuwa amezivaa na kusikia kila neno, akageuka na kumtazama baba yake, akaja akasimama mbele yake. Mama Consolata alichukua ungo akatoka nje, kwenye mchicha.

Mmeniuliza kwa nini naondoka. Wengine wanafikiri nimechoka na watoto. Hapana. Nimechoka kuwa sahihi kwenye simu. Nitasoma sheria, au nitalala, sijaamua. Ninachokitamani si ofisi. Natamani taa nyekundu, na mtoto nyuma yangu aliyefika katikati ya sentensi. Masanduku yako kwenye kabati la pili, nyuma ya mti wa Krismasi wa plastiki. Maduka ya mitumba hufunguliwa asubuhi Jumamosi.

Juma lililopita nilikwenda Doonside, kwa treni, kama mtu wa kawaida. Mama aliniuliza mara moja kama sasa nimekuwa mvivu rasmi. Nikamwuliza habari za Keza.

"Anapiga simu kila Jumapili. Anaongea Kiswahili cha baba yake sasa. Kizuri kuliko chako."

"Na hilo si gumu, Mama."

"Si gumu hata kidogo."

Tukacheka. Treni ikapita. Mzee Gérard alikuwa anakoroma chumba cha nyuma, na nje mchicha ulikuwa umezidi wa watu wawili. Mama akaenda jikoni, akaleta maharage, akapanga sahani, akaifuta meza ambayo haikuwa na kitu. Halafu, bila kunitazama, akagonga mara mbili.

Nikainuka, nikaenda kula.